Huo Si Kichaka, Ni Garas

Kuna kibustani cha umma hapa Garissa mjini ambacho wengi hupita bila kukitazama. Kina viti vitatu vya saruji, maboganvilia mawili yanayoishi kwa huruma ya mlinzi anayeyamwagia maji, miarobaini iliyopandwa kwa mstari, na kwenye kona ya nyuma, karibu na ukuta, mti mmoja ambao hakuna aliyeupanda. Ulikuwepo kabla ya ukuta. Mwaka jana, katikati ya kiangazi, niliukuta umechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu kwenye shina.

Nikamwuliza kijana mmoja wa mwanakandarasi aliyekuwa akipima kiwanja kwa kamba: huu mti una nini?

"Huo? Huo ni kichaka tu, mwalimu. Unatolewa. Hapo panakuja maua."

Kichaka tu. Nimeyabeba maneno hayo kwa miezi kadhaa, na leo nataka nigombane nayo hadharani. Sitaki kugombana na yule kijana. Yeye anasoma mchoro aliopewa. Nagombana na mchoro, na waliouchora, na sisi wote tuliosoma tukahitimu na bado hatuna neno jingine la kuuita mti wa nyumbani kwetu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nimezaliwa Garissa. Nimefundisha miaka kumi na minane. Naweza kukuchorea ubaoni sehemu zote za ua na kukueleza usanidimwanga hadi ulale. Lakini yule kijana angenigeuzia swali akaniuliza, "Kama si kichaka, ni mti gani?", ningebaki mdomo wazi. Sikuujua.

Basi nikauangalia kama mtu anayeangalia kitu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na kimo cha nyumba ya ghorofa moja na zaidi kidogo. Shina la kijivu, gome limekwaruzika. Majani mazito, magumu kama ngozi, rangi ya kijani iliyopauka, yanakaa mawili mawili yakielekeana kitawini. Na jambo la ajabu: kila kitu kilikuwa kimekauka, migunga imebaki miiba, nyasi zimegeuka vumbi, lakini mti huu ulikuwa kijani kabisa, na chini yake kivuli kizito cheusi ambamo mbuzi watano walikuwa wamelala. Tena ulikuwa na matunda. Nani anazaa matunda wakati kama ule?

Nikatoa simu. Ipo ile programu unayopiga picha ya jani nayo inakutajia mmea. Mara ya kwanza ikaniambia ni mzaituni. Mzaituni, Garissa! Nikapiga picha nyingine kutoka upande wa pili, ikasema ni mswaki. Hapo angalau tulikuwa tumekaribia nyumbani. Mswaki naujua, hata wewe unaujua, tumeutafuna tangu utotoni. Lakini matawi ya mswaki huinama yakaning'inia, na tunda lake ni dogo, la duara, likiwa mdomoni linawasha kama haradali. Tunda la mti huu lilikuwa kubwa zaidi, umbo la yai dogo, na ndani mbegu moja. Halikuwa mswaki. Programu ile imelishwa picha za bustani za watu wengine, ndiyo maana ikanijibu kwa miti ya watu wengine.

Aliyenijibu alikuwa pale pale, hatua kumi kutoka kwenye mti. Ni mama mmoja mtu mzima anayeuza maziwa ya ngamia, anayeweka madebe yake kivulini kila asubuhi ili maziwa yasiharibike mapema. Mimi kama wengine nilikuwa nikinunua maziwa na kwenda zangu.

"Eeddo," nikamwambia, "huu mti unaitwaje?"

Akanitazama kama ninayemfanyia mzaha. "Macallin, wewe hujui garas?"

"Garas ndiyo hii?"

"Ndiyo hii. Unadhani mimi nakaa hapa kwa sababu ya nini? Mwarobaini una kivuli cha matundu. Hii haina matundu."

Kisha akaanza kunieleza, bila kusimama, huku akipima maziwa ya wateja. Nyama ya tunda huliwa ikiiva, ni tamu na inanata. Mbegu haziliwi hivi hivi. Mwaka wa ukame wa 1984, wakati wanyama wao walipokwisha, mama yake alizichemsha mbegu za garas kutwa nzima, maji yanamwagwa yanawekwa mengine, yanamwagwa tena, na harufu yake mbaya, mpaka uchungu unatoka. "Si chakula cha furaha," akasema. "Lakini tulikula, na mimi niko hapa nakuuzia maziwa." Majani ngamia anakula. Mbao zake wanachongea vyombo. Na garas ikizaa sana kuliko kawaida, wazee walikuwa wakisema: angalieni, mvua itakuwa na maneno.

Hayo ya mwisho nilidhani ni hadithi. Baadaye nikasoma kwamba Waafar wa Ethiopia, mbali sana na sisi, wanausoma mti huu vivyo hivyo: garas huchipua na kuzaa wakati wa kiangazi, na mzao mkubwa unachukuliwa kuwa ishara ya ukame. Sisemi kwamba mti ni kituo cha hali ya hewa. Nasema watu wawili wasiojuana, wanaosema lugha tofauti, wameutazama mti mmoja kwa vizazi vingi wakafikia neno moja. Mwanafunzi wangu akiniletea matokeo yanayofanana namna hiyo kutoka sehemu mbili, namwambia hapo pana jambo la kuchunguza.

Nikachuma kitawi chenye majani na matunda, nikakibana katikati ya magazeti, nikatafuta vitabu. Eeddo alikuwa sahihi. Kitaalamu mti huu unaitwa Dobera glabra, wa ukoo mmoja na mswaki, ndiyo maana simu ilikaribia. Unamea Uarabuni, Eritrea, Ethiopia, Somalia na huku kwetu. Na utamu wa habari uko hapa. Aliyeuandika kwanza katika vitabu vya Ulaya ni Pehr Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyekwenda Yemen na msafara wa mfalme wa Denmark na kufia huko mwaka 1763. Kitabu chake kilichapishwa 1775, yeye yuko kaburini. Alikuwa na tabia moja nzuri: alikuwa akiuliza wenyeji jina la mmea, na kuliandika. Neno Dobera limetokana na jina la Kiarabu aliloambiwa. Yaani hata lile jina la kisayansi tunaloliogopa, linaloandikwa kwa herufi za mlazo, lilianza na mtu wa Yemen kujibu swali kama nililomwuliza eeddo. Sayansi yote ya mti huu ilianza kwa mtu mmoja kuuliza na mwingine kujibu.

Kwa hiyo nisikilizwe vizuri: silalamiki kwamba hakuna anayejua. Wanajua. Orodha kubwa ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa 1952 ikamalizika 2012, miaka sitini, spishi zaidi ya 12,000. Kitabu cha Henk Beentje cha miti ya Kenya, cha mwaka 1994, kimeweka hata majina ya lugha za wenyeji. Nairobi, katika Makavazi ya Taifa, kuna hazina ya mimea iliyokaushwa ambayo asili yake ni Amani, Tanganyika, mwaka 1902. Elimu ipo kwenye makabati ya Nairobi, na ipo kwenye mdomo wa eeddo. Mahali ambapo haipo ni katikati: kwenye mchoro wa mwanakandarasi, kwenye zabuni, kwenye orodha ya miche, kwenye darasa langu. Na katikati hapo ndipo miti inapokatwa.

Usiniambie hili ni jambo dogo. Neno "kichaka" limetugharimu sana sisi watu wa huku. Mwaka 1965 serikali ya Kenya ilitoa ule Waraka Nambari 10 wa ujamaa wa Kiafrika na mipango ya maendeleo. Ndani yake ilielezwa kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, maliasili tele, barabara na umeme. Ukiisoma haraka inaonekana ni akili ya kawaida. Lakini nani aliamua maliasili ni nini? Kahawa na chai zilikuwa na majina katika vitabu vya hesabu. Garas haikuwa na jina, hagar haikuwa na jina, malmal ilikuwa ni utomvu fulani tu. Kisichotajwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakipewi kitu. Kwa hiyo ramani ya Kaskazini Mashariki ikabaki rangi moja ya mchanga, na sisi tukaambiwa tunaishi mahali pasipo na kitu. Mbaya zaidi, tukaamini. Leo ni kijana wetu wenyewe, mzaliwa wa hapa, anayenionyesha garas kwa kidole na kuniambia hicho ni kichaka.

Na tukiona nchi yetu ni tupu, tunafanya nini? Tunaijaza. Ndivyo ulivyokuja mathenge. Mti ule wa Marekani ya Kusini ulisambazwa maeneo kame ya Kenya miaka ya 1980, Baringo, Bura, Hola, kwa nia njema kabisa: kuni, kivuli, kuzuia mchanga. Waliouleta waliona ardhi tupu inayohitaji mti, wowote ule. Leo umefunga njia za mifugo na kingo za mito. Mwaka 2006 wenyeji wa Baringo waliishtaki serikali, wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno kama ushahidi wa yale maganda matamu yanavyoharibu vinywa vya mifugo. Watu wakacheka, magazeti yakapiga picha. Mimi sikucheka. Mbuzi yule alikuwa anatoa ushahidi dhidi ya neno "kichaka". Kama walioamua wangeuliza kwanza kilichopo pale kinaitwaje na kinafanya kazi gani, huenda wangekipanda hicho.

Tumejifunza? Mwezi Desemba 2022 tukatangaziwa miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa sikukuu nzima ya kupanda miti. Sina ubaya na hilo. Nchi iliyotoka kwenye misimu mitano mfululizo ya mvua kufeli, mifugo imekufa kwa mamilioni, ina haki ya kupanda mti. Ila hebu tuulizane ukweli: katika mji kama huu, tunapohesabu miche tuliyopanda, nani anahesabu garas tulizong'oa ili kupata nafasi ya kuipanda? Mche wa kimo cha rula unaingia kwenye takwimu kama mti mmoja. Garas yenye umri wa babu yako haiingii popote, ikikatwa haipunguzi chochote. Hesabu gani hiyo? Mtoto wa darasa la tatu akiniletea hesabu yenye kujumlisha bila kutoa namrudishia daftari.

Najua nitakayojibiwa, maana nimeshajibiwa.

La kwanza: "Mwalimu, watu hawana maji, hospitali hazina dawa, wewe unalilia mti?" Nalilia mti kwa sababu watu hawana maji. Mti unaobaki kijani bila mtu kuumwagia hata kikombe, katika mji ambapo maji yanauzwa kwa mtungi, ni mali. Maua yanayokuja kuchukua nafasi yake yatataka bomba. Bomba likikauka yatakufa, na tutatangaza zabuni ya maua mengine.

La pili: "Mwarobaini una kosa gani?" Hauna kosa. Ni mti wa Bara Hindi uliotufaa sana. Unakua haraka, na majani yake kila nyumba imeyachemsha. Sina ugomvi na mwarobaini. Nina ugomvi na bustani yenye mwarobaini peke yake, na hoja yenyewe inanisaidia mimi: mwarobaini ukiukata leo, baada ya miaka michache una mwingine. Garas inakua polepole mno. Ukiikata, hakuna bajeti ya mwaka mmoja wala muhula mmoja wa kiongozi utakaoirudisha. Ndiyo maana ile iliyosimama tayari inapaswa kuachwa.

La tatu, na hili linauma zaidi, lilitoka kwa mwenzangu wa chumba cha walimu: "Hayo ni mambo ya wazee wa zamani. Watoto wanahitaji kompyuta." Sawa, wanahitaji. Lakini mimi niliitumia hiyo kompyuta ya mfukoni nikaambiwa garas ni mzaituni. Mashine inajua ilichofundishwa, na sisi hatujaifundisha. Mtoto asiyejua garas hataijua hata akishikishwa kompyuta kumi. Atakubali mzaituni na kuandika mzaituni.

Viongozi wetu wanapenda kunukuu Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010, pale panaposema taifa lifikishe miti ifunike angalau asilimia kumi ya ardhi. Wananukuu hapo wanafunga kitabu. Aya inayofuata, katika kifungu kile kile, inaitaka serikali ilinde na kuendeleza maarifa ya asili ya jamii kuhusu viumbe na mimea. Hiyo sijaisikia jukwaani hata siku moja. Eeddo na madebe yake ya maziwa ni Kifungu cha 69. Ana miaka sitini na kitu. Hana mwanafunzi.

Kwa hiyo ninataka nini? Sitaki tamasha wala kongamano hotelini. Nataka mambo matatu, na yote ni ya bei rahisi.

Mosi, kabla ya bustani yoyote ya umma au barabara au shule kupigwa X nyekundu, mti uliopo uandikwe jina. Kama hakuna anayejua jina, hakuna ruhusa ya kuukata. "Kichaka" lisikubaliwe kuwa jina katika karatasi yoyote ya serikali. Aliyeshindwa kuutambua atembee hatua kumi akaulize.

Pili, pale kwenye kona wekeni kibao chenye majina mawili, Garas na Dobera glabra, na chini yake mstari mmoja wa matumizi yake. Na jirani zetu Wapokomo na Waborana nao waulizwe wanaiitaje, tuongeze. Kibao kimoja kitamfundisha mtoto anayekwenda dukani zaidi ya kipindi changu cha dakika arobaini.

Tatu, kila mwalimu wa huku, mimi nikiwa wa kwanza, awatume watoto nyumbani na kazi moja: leta kitawi, leta jina, leta jina la aliyekuambia. Nimeanza na darasa langu. Wiki ya kwanza walileta majani ishirini na moja. Mimi niliyatambua sita. Walicheka sana, na niliwaacha wacheke. Msichana mmoja alileta kitawi cha garas, na jina, na chini yake ameandika: ayeeyo. Nilipomwuliza kwa nini hakuandika jina lenyewe la bibi yake, akasema hakuwahi kulijua, na jioni ile alikwenda akamwuliza.

Mti wenyewe? Niliandika barua, nikaipeleka mkono kwa mkono kwenye ofisi husika, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Sijajibiwa. Kazi ya bustani imesimama; nasikia malipo ya mwanakandarasi yamechelewa. Kwa hivyo msiseme barua yangu imeokoa kitu. Garas bado ipo kwa sababu pesa hazijaingia, na siku zikiingia ile X bado inaonekana vizuri, mvua haijaifuta.

Eeddo yuko chini yake kila asubuhi. Juzi nilimwambia wanaweza kuja kuukata wakati wowote. Akafunika debe, akaniuliza kwa utulivu kabisa: "Nani amewaambia unaitwa kichaka?"

Sikuwa na jibu la kumpa, maana kabla ya kiangazi kile ningeweza kuwa ni mimi.